Ranji na Pigo la Kuchepusha

Kama umewahi kufika Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi siku ya Jumapili, huenda umeona watu waliovaa nguo nyeupe wakicheza uwanjani. Mmoja anakimbia na kurusha mpira mdogo mwekundu. Mwingine amesimama mbali kidogo, ameshika kibao kirefu, anaungoja mpira aupige. Mchezo huo unaitwa kriketi. Katika kurasa hizi utasoma habari za mtu mmoja aliyeubadilisha mchezo huo. Jina lake ni Ranjitsinhji. Ni jina refu, na hata Waingereza liliwashinda, wakalikata wakamwita Ranji. Nasi tutamwita hivyo.

Ranji alizaliwa Bara Hindi mwaka 1872 na alikufa mwaka 1933. Hakuwa mtu mkubwa wa mwili wala mwenye nguvu nyingi. Lakini alivumbua njia ya kuupiga mpira ambayo wachezaji wa siku zake hawakuizoea. Wengi walidhani ni uchawi. Ukisoma utaona kuwa haukuwa uchawi hata kidogo.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuuelewe mchezo, maana bila hivyo hutaona Ranji alifanya nini.

Katika kriketi kuna timu mbili, kila timu ina watu 11. Katikati ya uwanja kuna kipande cha ardhi kilichoshindiliwa kikawa kigumu kama sakafu. Urefu wake ni kama mita 20. Kila upande wamesimika vijiti vitatu. Mpigaji husimama mbele ya vijiti vyake na kibao mkononi. Mrushaji hutoka upande wa pili, akarusha mpira ili uangushe vile vijiti. Kazi ya mpigaji ni mbili: kuvilinda vijiti, na kuupiga mpira uende mbali. Mpira ukienda mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi. Kila wakibadilishana mara moja huhesabiwa mkimbio mmoja. Timu yenye mikimbio mingi hushinda. Vijiti vikiangushwa, mpigaji anatoka.

Mpira wa kriketi si laini kama mpira wa watoto. Ndani una gome la mti, nje una ngozi ngumu. Uzito wake unapita kidogo gramu 155. Mrushaji hodari aliweza kuutupa kwa mwendo kuliko gari linalokimbia barabara kuu. Siku za Ranji wachezaji walivaa kinga za miguu na glavu, lakini kichwani hawakuvaa kitu cha kuwakinga. Mpira ukikupiga kifuani, unavunja mbavu. Ukikupiga kichwani, mambo ni mengine kabisa.

Basi jiweke wewe mahali pa mpigaji. Umesimama ubavu, bega la kushoto limeelekea kwa mrushaji. Mguu wa kushoto uko mbele, wa kulia uko nyuma. Mpira unakuja mbio, unadunda chini, unainuka kuelekea mwilini mwako. Utafanya nini? Mwili wenyewe utakujibu: utaurudisha mguu wa kulia nyuma, ukwepe. Hilo si kosa la mtu mwoga tu, ni tabia ya kila kiumbe. Lakini ukikwepa, kibao nacho kinaondoka njiani pamoja na wewe. Vijiti vinabaki wazi. Mpira unavipiga, umetoka.

Hiyo ndiyo shida aliyokuwa nayo Ranji alipokuwa kijana.

KIJANA WA SARODAR

Ranji alizaliwa tarehe 10 Septemba 1872 katika kijiji cha Sarodar. Kijiji hicho kiko magharibi ya Bara Hindi, katika nchi iliyoitwa Kathiawar, inayopakana na bahari. Ng'ambo ya bahari hiyo ndiko kwetu. Kutoka Kathiawar na jirani yake Kutch majahazi yalikuja pwani ya Afrika Mashariki kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwa pepo za kusi, miaka mingi kabla ya Wazungu. Wahindi wengi wa Kenya na Tanzania asili yao ni huko. Wako wa jamii ya Oshwal waliotoka katika vijiji vilivyouzunguka mji wa Jamnagar hasa, na mji huo utausikia tena mbele.

Wakati ule Waingereza waliitawala Bara Hindi. Lakini waliwaacha baadhi ya watawala wa kienyeji wakae vitini mwao, mradi wawatii. Mmoja wao alikuwa Vibhaji, mtawala wa Nawanagar, ambaye makao yake yalikuwa huko Jamnagar. Ranji alikuwa wa ukoo wake. Vibhaji hakuwa na mwana aliyemtaka awe mrithi, kwa hiyo mwaka 1878 alimchagua Ranji. Mtoto alikuwa na miaka sita.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1882 mke mmoja wa Vibhaji alizaa mtoto wa kiume. Miaka miwili baadaye mtoto huyo akakubaliwa na serikali ya Waingereza kuwa mrithi, na Ranji akawekwa kando. Alikuwa na miaka 12 tu. Alikuwa ameahidiwa nchi, kisha akanyang'anywa. Jambo hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote, na ukilisahau hutaelewa mengi aliyoyafanya baadaye.

Hata hivyo aliendelea na masomo. Alikuwa amekwisha kupelekwa Rajkot, katika shule ya watoto wa watawala. Mkuu wa shule, Mwingereza aitwaye Chester Macnaghten, aliipenda kriketi, naye akawafundisha wanafunzi wake. Ranji aliipenda mara moja, akawa nahodha wa timu ya shule. Mwaka 1888 Macnaghten alimchukua Uingereza, akaachwa mjini Cambridge ili asome huko.

MGUU ULIOFUNGWA

Mjini Cambridge Ranji aligundua kuwa kriketi aliyoijua haikutosha. Huko Rajkot alikuwa hodari kati ya watoto wenzake. Hapa walikuwapo warushaji watu wazima, ambao kurusha mpira ndiyo kazi iliyowapa mkate. Mpira wao ulikuja kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona. Na kila ulipoelekea mwilini mwake, mguu wake wa kulia ulirudi nyuma.

Palikuwa na fundi wa kriketi mjini hapo, mtu mzima aitwaye Dan Hayward. Kazi yake ilikuwa kufundisha vijana. Hayward alimwangalia Ranji, akaona mambo mawili. La kwanza, macho ya kijana huyu yalikuwa mepesi ajabu, na vifundo vya mikono yake vililainika kama utepe wa mkeka. La pili, mguu wake wa kulia ulikuwa unamponza.

Unajua wewe mwenyewe jinsi tabia ya mwili ilivyo ngumu kuiacha. Mtu aliyezoea kulima kwa mkono mmoja mbele, mwambie abadilishe mkono, utaona taabu yake. Kumwambia Ranji asikwepe hakukusaidia. Alielewa kwa kichwa, lakini mguu haukuelewa. Ndipo Hayward akatoa shauri ambalo pengine wewe ungelicheka: mguu wa kulia ufungwe chini kwa kigingi, kama mbuzi anavyofungwa malishoni.

Ukafungwa. Warushaji wakaitwa. Mpira ukaja.

Sasa fikiri. Mguu wa kulia hauendi popote. Mpira unaelekea kiunoni. Kukwepa hakuwezekani, na kusimama tu ni kuumia. Kilichobaki huru ni mguu wa kushoto, kiuno na mikono. Basi Ranji akauvusha mguu wa kushoto mbele ya ule wa kulia. Mwili ukageuka kidogo. Kibao kikashuka wima mbele ya mwili, na mpira ulipogusa tu, akakizungusha kwa vifundo vya mikono. Hakuupiga mpira. Aliugusa, akaugeuza. Mpira ukaendelea na safari yake kwa kasi ileile, ila sasa ulipita nyuma ya mgongo wake, ukaenda hadi mwisho wa uwanja, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuuzuia.

Kama umewahi kumwagilia shamba kwa mfereji, unalijua jambo hili. Maji yakija kwa nguvu huwezi kuyasimamisha kwa jembe. Yatakushinda, yatabomoa tuta. Lakini ukiliweka jembe kwa mshazari, kwa wakati wake, maji yale yale yanachepuka yanakwenda unakotaka. Nguvu ni ya maji. Wewe umetoa njia tu. Ndivyo alivyofanya Ranji. Kadiri mrushaji alivyotumia nguvu, ndivyo mpira ulivyokwenda mbali zaidi. Kwa Kiswahili tuliite pigo la kuchepusha.

Si kwamba hakuna mtu aliyewahi kabisa kuupeleka mpira nyuma namna hiyo. Wako waliofanya hivyo mara moja moja. Lakini kwa wengi lilikuwa jambo la bahati. Vijana wa Kiingereza wa shule kubwa walifundishwa kuusogelea mpira kwa mguu wa mbele na kuupiga upande wa kulia, ulio mbele ya kifua. Kuupeleka mpira upande wa mgongoni kulionekana kama utovu wa adabu. Ranji alilichukua jambo la bahati akalifanya kuwa kazi ya kila siku, akaweza kulitumia hata kwa mipira iliyokuja moja kwa moja kwenye vijiti. Hilo ndilo lililowashangaza watu, maana akikosea hata kidogo, ametoka.

Kazi iliyomfikisha hapo ilikuwa kubwa. Aliwalipa warushaji bora wa Uingereza, watu kama Tom Richardson na Bill Lockwood, waje wamrushie mpira saa nyingi, siku baada ya siku. Fedha alizitumia ovyo, na madeni yakamfuata tangu Cambridge mpaka uzee wake. Wenye maduka waliomkopesha walipata taabu naye. Hilo nalo ni la kweli.

KUKATALIWA NA KUKUBALIWA

Katika Chuo Kikuu cha Cambridge timu ya kriketi ilikuwa na heshima kubwa. Nahodha wake, F. S. Jackson, hakumweka Ranji katika timu ya mwaka 1892. Hakudhani kuwa Mhindi angeweza kufikia kiwango hicho. Majira ya baridi yaliyofuata Jackson alikwenda Bara Hindi na timu ya Waingereza. Aliwaona Wahindi wakicheza kwao, akabadili mawazo yake. Mwaka 1893 Ranji aliingizwa katika timu ya chuo. Alikuwa Mhindi wa kwanza.

Mwaka 1895 alianza kuichezea jimbo la Sussex, kusini ya Uingereza. Katika mchezo wake wa kwanza, uwanja wa Lord's mjini London, alipata mikimbio 77 bila kutolewa, kisha 150. Mwaka uliofuata magazeti yalijaa jina lake.

Mwaka huo, 1896, Waaustralia walikuja kucheza na Uingereza mara tatu. Siku hizo timu ya Uingereza haikuchaguliwa na kamati moja. Wenye uwanja ndio waliochagua. Mchezo wa kwanza ulikuwa Lord's, na klabu ya MCC yenye uwanja huo haikumchagua Ranji, ingawa hapakuwa na mpigaji aliyekuwa akipiga vizuri kama yeye wakati ule. Watu wakabishana katika magazeti. Je, mtu aliyezaliwa Bara Hindi, tena mweusi wa ngozi machoni pao, aichezee Uingereza?

Mchezo wa pili ulikuwa Manchester mwezi wa Julai. Kamati ya huko ilimwita. Ranji alitaka kwanza Waaustralia waulizwe kama wana kinyongo. Wakaulizwa, wakasema hawana, watafurahi kucheza naye. Basi akaingia uwanjani.

Waaustralia walipiga kwanza, wakapata mikimbio 412. Waingereza wakajibu kwa 231 tu, na kati ya hiyo Ranji alipata 62. Wakalazimika kupiga tena papo hapo. Wapigaji wakawa wanatoka mmoja mmoja. Ranji alibaki. Siku ya pili ilipokwisha alikuwa na mikimbio 41. Siku ya tatu asubuhi warushaji wa Australia walimjia kwa nguvu zote, mmoja wao, Ernie Jones, akiwa miongoni mwa wenye kasi kabisa duniani. Mipira iliyolenga mwili wake aliichepusha nyuma. Mingine aliikata pembeni. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameongeza mikimbio 113. Wenzake wote walipokwisha kutolewa, yeye alikuwa bado amesimama na mikimbio 154.

Uingereza haikushinda. Waaustralia walihitaji mikimbio 125, wakaipata wakiwa wamebakiwa na wapigaji watatu. Lakini swali lile la magazetini halikuulizwa tena kwa sauti kubwa.

Tarehe 22 Agosti mwaka huohuo, huko Hove, alicheza dhidi ya jimbo la Yorkshire. Katika siku moja alipata mikimbio 100, kisha timu yake ilipopiga tena akapata 125 bila kutolewa. Mwaka ulipokwisha jumla yake ilikuwa 2,780. Alikuwa ameivunja rekodi ya W. G. Grace, mzee maarufu wa kriketi ya Kiingereza, iliyokaa miaka 25. Mwaka 1899 akapata 3,159. Kabla yake hakuna aliyefikisha 3,000 katika mwaka mmoja. Mwaka 1900 akazipita tena.

Mwishoni mwa mwaka 1897 alikuwa Australia na timu ya Uingereza. Koo lilimvimba vibaya kabla ya mchezo wa Sydney, akawa dhaifu. Alicheza hivyo hivyo, akapata 175, na Uingereza ikashinda.

Waingereza walimpenda, lakini angalia namna walivyomsifu. Waliandika kuwa yeye ni mchawi kutoka Mashariki, kuwa mikono yake ina siri ya Wahindi. Kwangu mimi, sifa hiyo ilikuwa na kasoro. Ukimwita mtu mchawi unazifuta saa zote alizotoka jasho. Siri ilikuwa kigingi, kamba, na mzee Hayward amesimama pembeni.

KUWAFUNDISHA WENGINE

Mwaka 1897 Ranji alitoa kitabu kikubwa juu ya kriketi, kwa ukumbusho wa miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria. Rafiki yake C. B. Fry, aliyecheza naye Sussex, alimsaidia sana kukiandika. Humo alieleza namna ya kusimama, kushika kibao, kurusha, kudaka. Kilisomwa na vijana wengi, si Uingereza tu.

Vijana wakaanza kumwiga. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa maana pigo la kuchepusha ni rahisi kuliona na gumu kulifanya. Kijana aliona Ranji akigeuza vifundo vya mikono, naye akageuza. Mpira ukampita, ukavunja vijiti. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa ameiga mwisho wa jambo akauacha mwanzo. Mwanzo ni miguu. Mguu wa kulia ukae. Mguu wa kushoto uvuke. Kichwa kiwe juu ya njia ya mpira, na macho yaufuate mpaka ufike kwenye kibao. Kibao kiwe wima, kisilale mapema. Vifundo vya mikono vigeuke mwisho kabisa, mpira unapogusa, si kabla. Ndiyo maana walimu wazuri humzoeza mtoto kwanza kuuzuia tu mpira uliokuja mwilini, kwa kibao wima, mara nyingi, bila kuupeleka popote. Miguu ikishatulia, ndipo wanamwonyesha kugeuza.

Waliokuwa na shida zaidi walikuwa manahodha wa timu pinzani. Upande ule wa nyuma ya mgongo wa mpigaji walikuwa wameuacha bila watu wa kutosha, kwa kuwa hakuna aliyeutumia sana. Sasa ilibidi wahamishe mtu kutoka mahali pengine akakae kule. Na mtu akihama, alikotoka kumebaki wazi. Ranji akapiga huko.

MTAWALA WA JAMNAGAR

Habari za utawala wake tutazipitia upesi. Vibhaji alikufa mwaka 1895. Yule mtoto aliyepewa urithi alitawala muda mfupi, naye akafa mwaka 1906 akiwa kijana. Machi 1907 Waingereza walimweka Ranji kitini. Alikuwa amekipata kile alichonyang'anywa utotoni, na umaarufu wake wa kriketi ulimsaidia si kidogo.

Alipanua barabara za Jamnagar, akajenga reli, akaimarisha bandari ya Bedi. Pia alijenga majumba ya fahari, akaalika wageni wakubwa kuwinda, na mwaka 1924 akanunua jumba la Ballynahinch huko Ireland ili apate kuvua samaki. Fedha hizo zilitoka kwa wakulima wa nchi yenye ukame wa mara kwa mara. Wewe mkulima utapima mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Geneva mara kadhaa kama mjumbe wa Bara Hindi katika Shirikisho la Mataifa.

Mwaka 1915, akiwa Uingereza katika uwindaji wa ndege, risasi za mwenzake zilimpiga usoni, akapoteza jicho la kulia. Pamoja na hayo, mwaka 1920, akiwa karibu na umri wa miaka 48, mnene na mwenye jicho moja, alirudi kuichezea Sussex. Alitaka kujua kama mtu anaweza kupiga kwa jicho moja, na akipata jibu aliandike. Alicheza michezo mitatu. Jumla ya mikimbio yake ilikuwa 39. Hakurudi tena.

DULEEP

Ranji hakuwa na mtoto wa kuzaa anayetambuliwa na watu, lakini alikuwa na watoto wa ndugu zake. Mmoja aliitwa Duleepsinhji, aliyezaliwa mwaka 1905. Ranji alimleta Uingereza akiwa mdogo, akamsomesha, akasimamia mazoezi yake. Kijana naye alikua na macho yale yale na vifundo vile vile vya mikono. Akapita njia ya Ranji: Cambridge, kisha Sussex.

Mwaka 1929 Duleep alichaguliwa kuichezea Uingereza dhidi ya timu ya Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini. Alicheza mchezo mmoja tu, akaachwa katika minne iliyobaki. Wengi waliamini kuwa aliachwa kwa ajili ya rangi yake, ili wageni wale wasichukizwe. Miaka 33 ilikuwa imepita tangu Manchester.

Mwaka 1930 alijibu kwa kibao. Mwezi wa Mei alipata mikimbio 333 katika siku moja, akavunja rekodi ya Sussex ya mikimbio 285 ambayo Ranji mwenyewe aliiweka mwaka 1901. Mwezi wa Juni alicheza Lord's dhidi ya Australia, uwanja ule ambao mwaka 1896 haukumtaka Ranji. Alipata 173. Jioni alijaribu kuupiga mpira juu kwa nguvu, ukadakwa. Ranji alikuwapo anatazama. Inasimuliwa kuwa watu walipomjia kumpongeza kwa ajili ya kijana, yeye alilalamika kwamba mtoto huyu siku zote ni mzembe. Mwalimu ni mwalimu tu.

Duleep aliugua mapafu, akaacha kucheza mwaka 1932.

Liko jambo moja ambalo Wahindi wengi hawakumsamehe Ranji. Alicheza mara 15 katika timu ya Uingereza, lakini Bara Hindi hakuichezea kamwe. Katika siku zake nchi yake haikuwa bado na timu ya kukutana na mataifa. Lakini ilipopata, mwaka 1932, hakuisaidia kama alivyoweza, na Duleep naye hakuichezea. Ranji alijihesabu kuwa mchezaji wa Uingereza, basi. Wako wanaomtetea kwamba kiti chake kilitegemea Waingereza. Wako wasiokubali utetezi huo, nami ni mmoja wao.

Ranji alikufa Jamnagar tarehe 2 Aprili 1933. Mwaka 1934 wakuu wa kriketi wa Bara Hindi walianzisha mashindano ya majimbo yote ya nchi, wakatoa kombe, wakaliita kwa jina lake. Timu ya Nawanagar ililichukua mara moja, katika msimu wa 1936/37. Baadaye nchi ile ya Kathiawar ikaitwa Saurashtra. Timu yake ilingoja miaka mingi, ikalichukua kombe mwaka 2020, na tena mwaka 2023.